Mcheza Kwao Hutunzwa, na Mwandishi wa Redio Je?

Iko kazi moja ya Kiswahili ambayo walimu wa pande zote mbili za mpaka, tangu Busia hata Tororo, wameifanya kwa miaka mingi, ikawafikia watu ambao hawajapata kununua kitabu, na mpaka leo kazi hiyo haina bei. Nayo ni uandishi wa michezo ya redio. Twasema haina bei kwa maana zote mbili za usemi huo: thamani yake ni kubwa, haikadiriki, na tena hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayeifanya alipwe kiasi gani. Maana ya kwanza husikika katika hotuba za kila tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili duniani. Maana ya pili haitajwi, na ndiyo tunayokusudia kuijadili hapa.

Neno letu ni fupi. Mwandishi wa mchezo wa redio anastahili kulipwa kwa kiwango kinachojulikana kabla hajashika kalamu, na kulipwa tena kila mchezo wake unaporudiwa. Haki hiyo haitapatikana maadamu mwandishi anaandika kwanza na kuuliza baadaye, kwa sababu sheria za nchi zetu mbili, kama tutakavyoonyesha, humnyima yule anyamazaye.

Kazi yenyewe

Asiyepata kuandika mchezo wa redio hudhani kwamba ni mazungumzo tu yaliyotiwa katika karatasi. La hasha. Mwandishi wa jukwaani husaidiwa na macho ya watazamaji: mlango ukifunguliwa huonekana, na mtu akiingia na panga hakuna haja ya kuliambia jumba kwamba ana panga. Mwandishi wa redio hana ila sauti. Ikiwa dereva wa lori amekwama Malaba usiku wa mvua, basi usiku huo, mvua hiyo na msururu huo wa malori sharti visikike katika maneno na milio, na visikike bila ya dereva kuanza kujieleza kama mtu anayesoma ramani.

Mchezo wa nusu saa huchukua maneno kama 3,500. Huandikwa, husomwa kwa sauti saa ikiwa mkononi, hupunguzwa, kisha huandikwa upya. Zaidi ya hayo, huku mpakani kuna ugumu wa pekee. Mteso, Msamia, Mpadhola na mfanyabiashara aliyetoka Kampala wote wanazungumza Kiswahili, na kila mmoja ana namna yake. Hatuna sura za kuwatofautisha. Tuna matamshi, mpangilio wa maneno na methali anazozipenda kila mmoja. Mwandishi hana budi kuwafanya watambulikane bila kuwafanyia mzaha, na papo hapo aandike Kiswahili ambacho mwanafunzi anayesikiliza hatajifunza makosa kwacho. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa lugha, na ndiyo sababu vituo humwendea mwalimu wa Kiswahili.

Malipo yake je? Mwenendo wenyewe wajulikana kwetu sote. Mwalimu huombwa mchezo kwa mdomo, aghalabu kwa simu, na hupewa wiki moja. Huuandika usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Huupeleka. Ikiwa kuna chochote anachopewa, ni kitu cha nauli, kilichopimwa kwa hisani ya mtayarishaji, si kwa dakika wala kwa kurasa. Mchezo ukipendwa hurudiwa sikukuu hii na ile, hupelekwa katika kituo kingine ng'ambo ya mpaka, na siku hizi hupakiwa katika mtandao wa intaneti, ambako mtu wa Muscat au wa Toronto aweza kuusikiliza. Mwandishi huzisikia habari hizo kwa jirani. Hatutaji jina la kituo, kwa kuwa ugonjwa si wa kituo kimoja.

Sasa mwende katika ofisi ya kituo cho chote cha biashara mkaulize bei ya tangazo la nusu dakika. Mtapewa orodha iliyopigwa chapa: asubuhi bei hii, jioni bei ile, na likirudiwa mara nyingi kuna bei yake. Kisha ulizeni bei ya mchezo wa nusu saa kwa mwandishi. Hakuna orodha. Na bado tangazo lile lanunuliwa kwa sababu kuna wasikilizaji waliokwisha kusogea karibu na redio wakiungoja mchezo!

Tena jambo hili latendeka mahali ambapo kila kitu kingine huandikwa. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa rasmi Busia mwaka 2018, na msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Mama anayevusha maharagwe yake yasiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani aweza, kwa utaratibu rahisi uliowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, kupewa hati inayoshuhudia asili ya bidhaa yake, na kwa hati hiyo asitozwe ushuru wa forodha. Gunia la maharagwe lina hati ya asili. Mchezo ulioandikwa Busia na kusikika Tororo jioni ile ile hauna. Watu wa huku wana neno la tangu zamani kwa mali inayovuka bila karatasi: magendo. Ikiwa mchezo huvuka mpaka, huwaletea wengine fedha, na aliyeutunga hapewi hesabu, hatuoni neno jingine linalofaa.

Karatasi ndiyo tofauti

Huenda mtu akasema kwamba waandishi wa michezo hawakupata kulipwa vizuri popote, basi redio isilaumiwe peke yake. Na tulinganishe. Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1969. Jina la mwandishi li juu ya jalada, na nakala zinazouzwa zahesabika. Kwa kawaida ya vitabu, mwandishi hupewa sehemu ya mauzo kama walivyoandikiana na mchapishaji. Mirabaha ya vitabu si mingi, na waandishi wengi wana malalamiko yao. Lakini kuna kitu cha kulalamikia, kwa sababu kuna hesabu.

Redio nayo ina wakongwe wake. Nchini Uganda, Wycliffe Kiyingi aliandika kwa Kiganda mchezo wa mfululizo ulioitwa Wokulira, uliotangazwa na Radio Uganda. Nchini Tanzania, watu wazima wa leo bado hucheka wakikumbushwa Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania. Nchini Kenya, Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, iliingia katika nyumba za Busia na Malaba kwa michezo ya Kiswahili. Waulizeni wasikilizaji wa zama hizo: watawatajia wahusika, watawaigia sauti zao. Waulizeni ni nani aliyeandika. Watanyamaza. Hapana upungufu wa sanaa katika michezo hiyo unaoleta kimya hicho. Kilichokosekana ni karatasi.

Wanamuziki walitambua jambo hili mapema kuliko sisi. Kenya ina chama cha kukusanya mirabaha ya watunzi wa muziki tangu mwaka 1983. Ugomvi baina ya chama hicho na wanachama wake kuhusu mgao wa fedha umejaa magazetini miaka nenda miaka rudi, wala hatusemi kwamba mwanamuziki wa Kenya ametajirika. Ila kanuni imekwisha kusimama: wimbo ukipigwa redioni, kuna deni. Tazameni basi kioja hiki. Ule wimbo mfupi unaofungulia mchezo, wa nusu dakika, una mwenyewe anayeweza kudai mirabaha. Mchezo wenyewe unaofuata, wa dakika ishirini na tisa na nusu, hauna anayedai.

Sheria yasemaje?

Hapa twawaomba wasomaji watulie, maana ndipo ulipo mzizi wa jambo. Wengi wetu tumelelewa katika imani kwamba aliyeandika ndiye mwenye mali, na kwamba sheria itamlinda siku yo yote atakapozinduka. Imani hiyo ni nusu ya kweli.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwaka 2003, yasema kwanza kwamba hakimiliki ni ya mtunzi. Kisha hapo hapo yaweka sharti: kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa pawe na mapatano baina yao yanayozuia au kupunguza uhamisho huo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka kanuni iyo hiyo: kazi iliyoagizwa ni ya mwenye kuagiza pasipokuwa na mkataba unaosema vingine. Kwa hiyo, kwa jambo hili, Mto Malaba hautenganishi kitu. Ukivuka asubuhi au ukivuka jioni, anyamazaye ametoa.

Walimu wa sarufi walione jambo hili kwa jicho la sarufi. Mtayarishaji akikuambia, "Niandikie mchezo," naye hamkuandikiana neno, kile kiambishi cha kauli ya kutendea kimekwisha kuibeba mali yako. Lakini ukimwendea na mswada uliouandika kwa hiari yako, ukamwambia, "Nimeandika mchezo, mwautaka?" hakimiliki ni yako, na kwa sheria ya Kenya, huwezi kuhesabiwa kuwa umemhamishia isipokuwa kwa maandishi yenye sahihi. Baina ya niandikie na nimeandika pana urithi mzima, kwa kuwa hakimiliki haifi na mtu. Mkataba wa Berne, unaolinda kazi za waandishi baina ya mataifa, unataka kazi ilindwe maisha yote ya mwandishi na miaka isiyopungua 50 baada ya kufa kwake. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1993, na Uganda mwaka 2022. Maana yake ni kwamba mwandishi wa upande mmoja hulindwa upande wa pili kama raia wa huko, wala hahitaji kujiandikisha popote ili alindwe. Mwalimu anayetoa mchezo wake kwa nauli ya matatu ametoa kitu ambacho wajukuu zake wangeweza kukidai.

Liko jambo moja ambalo hata mwenye kuagiza hapewi na sheria hizi, nalo ni jina. Katika nchi zote mbili mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe, hata kama haki za fedha zimekwisha kwenda kwa mwingine. Basi kituo kinachotangaza mchezo bila kumtaja aliyeuandika hakivunji adabu tu, chakanyaga haki. Hiyo ndiyo hati ya asili tuliyoisema, na kuitoa hakugharimu hata senti.

Majibu kwa wanaotupinga

Tumeyasikia mengi katika kuutetea utaratibu wa sasa, na twaona ni haki kuyajibu moja moja.

Husemwa kwamba lugha ni mali ya wote, na kwamba mwandishi ameyaokota maneno yake sokoni, hivyo basi asiyatoze watu. Hakuna mji unaoweza kuijibu hoja hii vizuri kuliko Busia. Neno boda boda, linalotumika leo kote Afrika Mashariki, lilizaliwa hapa, kwa vijana waliopakia abiria kwenye baiskeli kuwavusha kutoka kituo kimoja cha mpakani hadi cha pili. Hakuna mtu wa Busia aliyepata kudai malipo kwa neno hilo, wala hatudai. Neno ni la wote. Lakini kijana yule wa baiskeli alidai nauli kwa kila abiria aliyempakia, wala hakuna aliyemwambia kwamba barabara ni ya wote kwa hiyo apakie bure. Twadai nauli, neno tumewaachia.

Husemwa kwamba vituo vya mipakani ni maskini. Twakubali kwamba vingi si matajiri. Lakini kituo maskini hulipa umeme, hulipa kodi ya nyumba, hulipa ada ya masafa, na humlipa fundi wa mitambo. Hatujapata kusikia kituo kilichoiambia kampuni ya umeme kwamba sisi twaielimisha jamii, basi tuwashieni bure. Umaskini wa kweli huandikwa katika mapatano: kiasi kidogo leo, na fungu fulani mchezo ukipata mdhamini. Umaskini usioandikwa hugeuka kuwa desturi, na desturi hubaki hata siku kituo kinapotajirika.

Husemwa kwamba michezo mingi huletwa na mashirika ya afya na maendeleo, nayo ni huduma kwa umma. Hapa hoja yatugeukia sisi kuwa nguvu. Ushikwapo Shikamana ulitangazwa Kenya kuanzia mwaka 1987 kwa nia ya kufunza uzazi wa mpango. Twende na Wakati ulianza Radio Tanzania mwaka 1993, na watafiti waliupima kwa uangalifu mkubwa, hata eneo la Dodoma likatengwa lisisikie kwa miaka ya kwanza ili waweze kulinganisha. Majina ya watafiti hao yamo katika majarida ya vyuo vikuu. Ni walimu wangapi wanaoweza kututajia walioandika vipindi vyenyewe? Michezo ya namna hii haikosi fedha. Mna humo fungu la magari, fungu la semina na fungu la tathmini. Kilichobadilisha mawazo ya wasikilizaji ni maneno ya mwandishi, na ikiwa maneno hayo yalistahili kupimwa kwa fedha nyingi, yalistahili kulipiwa pia. Waingereza nao walianzisha mwaka 1951, kwa taifa zima, mchezo wa mfululizo uitwao The Archers, uliokusudiwa kuwafunza wakulima huku ukiwaburudisha. Mafunzo hayo hayakuwa sababu ya waandishi wake kufanya kazi bure.

Husemwa tena kwamba mwandishi hupata jina, na jina ni mali. Tumekwisha kueleza kwamba jina lenyewe mara nyingi halisomwi. Na hata likisomwa, muuza duka hapokei jina kwa kilo ya sukari.

Mwisho husemwa, na hili ndilo linalowachoma walimu zaidi, kwamba kudai malipo ni kukipinga Kiswahili, hasa upande wa Uganda, ambako lugha bado yahitaji kuenezwa kwa kujitolea. Twaijibu hoja hii kwa historia. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mara tatu kimeamriwa! Wala amri haiandiki mchezo. Mtoto wa Tororo atakipenda Kiswahili siku atakapokisikia kikimchekesha na kumliza kwa mambo ya nyumbani kwao, na mambo hayo yanahitaji mtu mwenye wakati wa kuyaandika vizuri. Anayefanya kazi bure hufanya kwa masalio ya nguvu zake. Wahenga walisema heri kufanya kazi bure kuliko kukaa bure. Hawakusema heri mmoja afanye bure ili mwingine auze.

Waliotutangulia

Madai haya si mageni duniani. Mjini Paris, katika karne ya kumi na nane, wachezaji wa jumba kuu la Comédie-Française walizoea kuwapunja waandishi kwa kuficha hesabu za viingilio. Beaumarchais, mwandishi wa The Barber of Seville, mchezo ulioonyeshwa mwaka 1775, alipoletewa fedha zake aliuliza swali moja tu: hesabu iko wapi? Alipokosa hesabu aliwaita waandishi wenzake mwaka 1777, wakaungana kulidai jumba lile. Mwaka 1791 Ufaransa ikapata sheria iliyotamka kwamba mchezo wa mwandishi aliye hai hauwezi kuonyeshwa bila idhini yake ya maandishi. Nchini Uingereza, chama cha waandishi kimepatana na BBC juu ya viwango vya michezo ya redio: malipo hupimwa kwa dakika, na marudio yana malipo yake. Hakuna katika mambo hayo kitu kilichotolewa kwa huruma. Yalipatikana kwa sababu waandishi walizungumza kwa sauti moja, na wakauliza hesabu kabla ya kutoa mswada mwingine.

Tunayopendekeza

Kulalamika bila kupendekeza ni kupiga kelele. Basi haya ndiyo tunayoyaweka mbele ya chama chetu, yajadiliwe, yarekebishwe, kisha yatumike pande zote mbili za mpaka.

Kwanza, kipimo kiwe dakika. Kwa kuwa kila kituo cha biashara kina orodha yake ya bei za matangazo, kiwango cha dakika moja ya mchezo kisipungue sehemu moja ya kumi ya bei ya tangazo la nusu dakika katika saa ile ile. Kwa hesabu hiyo mchezo wa dakika 30 utalipiwa sawa na matangazo matatu. Kituo kidogo kitalipa kidogo na kikubwa kitalipa zaidi, wala hakuna mchezo unaopendwa usioweza kubeba matangazo matatu.

Pili, nusu ya malipo itolewe mswada unapopokelewa, na nusu ya pili kabla ya mchezo kutangazwa. Mchezo ulioagizwa ukikataliwa, nusu ya kwanza ni ya mwandishi, na mswada ni wake.

Tatu, malipo ya kwanza yahesabiwe kuwa ni ya kutangaza mara moja na kurudia mara moja ndani ya siku saba. Kila marudio baada ya hapo yalipiwe nusu ya kiwango.

Nne, kupelekwa mchezo katika kituo kingine, kutafsiriwa kwa Kiteso, Kipadhola, Kisamia au Kiganda, kuchapishwa au kuwekwa katika mtandao, kila moja liwe ni ruhusa ya peke yake yenye malipo yake. Mfasiri naye alipwe, na malipo yake yasikatwe katika fungu la mwandishi.

Tano, hakimiliki ibaki kwa mwandishi, na kituo kipewe ruhusa ya kutangaza kwa miaka miwili. Sentensi hii moja katika karatasi yatosha kuizima ile kanuni ya kazi iliyoagizwa, Kenya na Uganda.

Sita, jina la mwandishi lisomwe mwanzo na mwisho wa kila mchezo, hata unaporudiwa usiku wa manane.

Saba, mchezo ukiwa na mfadhili, ujira wa mwandishi uandikwe katika bajeti kwa fungu lake peke yake, usichanganywe na "gharama nyinginezo".

Ili mambo haya yasibaki kuwa maneno, chama hakina budi kutengeneza mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ambao mwalimu wa Busia au wa Tororo anaweza kuutoa mfukoni na kumpa mtayarishaji atie sahihi hapo hapo. Tena tuweke daftari. Tuna wanafunzi wengi wanaosikiliza redio kila jioni. Kazi ya kusikiliza na kuandika tarehe, saa, jina la mchezo na jina la mwandishi ni zoezi zuri la ufahamu, na papo hapo ni ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa miaka yote hii sisi tumekuwa na mali bila daftari.

Kwa walimu wenzetu

Tumewasema wenye vituo na wafadhili; tungekosa uadilifu tusipojisemea wenyewe. Kituo hupata michezo ya bure kwa sababu yupo wa kutoa bure. Mwalimu mmoja akiomba mapatano, mtayarishaji hana haja ya kubishana naye. Humpigia simu mwingine wa shule ya jirani, naye huandika usiku ule ule kwa furaha ya kusikika. Anayeandika bure leo amempangia mwenzake bei ya kesho. Kujitolea kwa shule, kwa msiba au kwa sherehe ya kijiji ni jambo jema, na hatulikatazi. Kumjaliza mwenye duka bidhaa za kuuza si kujitolea.

Mkataba huu usiombwe kwa ukali wala kwa kuvunja urafiki. Watayarishaji wengi ni wapenzi wa Kiswahili kama sisi, na baadhi yao walikuwa wanafunzi wetu. Wengi hawalipi kwa sababu hakuna aliyewapa karatasi ya kuwapelekea wakubwa wao. Tuwapeni karatasi hiyo. Mwenye nia njema atafurahi kuwa na kitu cha kuonyesha, na asiye na nia njema atajulikana.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, na hawakusema kwamba asifiwe. Walisema atunzwe, yaani apewe kitu mkononi mbele ya watu. Redio ndiyo uwanja wetu wa ngoma, na umekuwa mpana kuliko kiwanja cho chote walichopata kukiona wazee hao. Tangu sasa, mwalimu atakapoombwa mchezo, ukurasa wa kwanza atakaouandika usiwe orodha ya wahusika. Uwe mkataba.